Magenge ya Vijana: Yazaliwapo na Yavukavyo Bahari

Kila pakitokea kisa cha vijana wenye mapanga, huzuka mabarazani kauli mbili. Ya kwanza yasema kwamba uovu huu umeletwa kutoka nje: umekuja na meli, na sinema, na simu, na watu wasiojulikana kwao. Ya pili yasema kwamba dawa yake ni moja tu, nayo ni kuwakusanya vijana wote wa namna hiyo, kuwatia ndani na kufunga mlango. Kauli hizi hupendwa kwa kuwa zote mbili zatutua mzigo sisi tulio watu wazima. Ikiwa uovu watoka ng'ambo, si sisi tuliouzaa. Na ikiwa dawa yake ni kufuli, basi kazi ni ya askari peke yake.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kauli zote mbili zaanguka mbele ya historia. Genge halizaliwi baharini. Huzaliwa mtaani, mahali ambapo kijana hana kazi, hana jina, wala hana wa kumtetea. Na likivuka bahari, aghalabu halivuki kwa nguvu zake lenyewe. Huvushwa na jela, na huvushwa na serikali zinazowafukuza watu na kuwatupa mahali wasipokuwa na mtu.

Tuanze na ya jirani. Tarehe 2 Januari 2015 jiji la Dar es Salaam lilitaharuki. Kijana mmoja aliyetuhumiwa wizi alikuwa ameuawa na watu wenye hasira, na wenziwe walipotoka kumzika walipita mitaani wakipora na kujeruhi. Habari zilikwenda mbio kuliko vijana wenyewe. Maduka yalifungwa, na watu wakajifungia majumbani hata katika mitaa ambayo hapana kijana aliyepita. Katika siku zilizofuata polisi waliwakamata vijana kwa mamia. Jina la Panya Road likawa maarufu nchi nzima, kama lilivyokuwa maarufu kabla yake jina la Mbwa Mwitu. Ikadhaniwa kwamba mambo yamekwisha. Lakini Septemba 2022 jina lile lile lilirudi: nyumba zilivamiwa usiku, mwanafunzi wa chuo kikuu akauawa huko Kawe, na polisi wakatangaza kwamba watuhumiwa sita wameuawa katika mapambano.

Ndugu wasomaji, na tuitazame hesabu hii. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka 2015 alikuwa na miaka 17 mwaka 2022. Waweza kuwakamata wote waliokuwa na mapanga mwaka ule, na bado jina likabaki mtaani likingoja kijana mwingine wa kulivaa. Genge si jeshi lenye kambi na daftari la askari. Genge ni jina, na jina halitiwi pingu.

Ili tulifahamu jambo hili vizuri, yatubidi tutazame nchi za wenzetu ambako magenge yamedumu muda mrefu kuliko kwetu.

Afrika ya Kusini ina magenge ya gerezani yajulikanayo kwa tarakimu: 26, 27 na 28. Asili yake ni kijana wa Kizulu, Mzuzephi Mathebula, aliyezaliwa mwaka 1867. Habari zake zasema kwamba akiwa kibarua alipotelewa na farasi wa tajiri wake, naye akaamriwa afanye kazi miaka miwili bila ya ujira ili kumlipa. Alikataa, akakimbilia Johannesburg, mji uliokuwa ukichimbwa dhahabu na kumeza vijana kutoka kila pembe. Huko akajiunga na wanyang'anyi, kisha akaunda kikosi chake mwenyewe milimani, akajiita Nongoloza. Serikali ilimkamata, ikamfunga. Yaliyofuata ndiyo ya kuzingatia: kikosi kilichoanza milimani kwa watu wachache kilistawi ndani ya jela. Kila aliyeingia alikuta sheria, vyeo na ulinzi. Kila aliyetoka alitoka nazo. Mwaka 1912 Nongoloza aliacha mambo hayo na kueleza yote kwa wakuu wa magereza, hata akafanywa askari jela. Yeye alitubu, lakini tarakimu hazikutubu. Zaidi ya miaka 100 imepita na zingali hai.

Tena, magenge ya mtaani ya Cape Town yalipata nguvu pale serikali ya ubaguzi, kwa sheria yake ya mwaka 1950 ya kutenga makazi, ilipowahamisha watu kwa nguvu. Mwaka 1966 mtaa wa District Six ulitangazwa kuwa wa wazungu peke yao, na wakazi wake wakatupwa katika tambarare za mchanga nje ya mji. Nyumba zilivunjwa, na pamoja na nyumba zikavunjwa jamaa, jirani, bibi wa kumkemea mtoto, na mzee wa baraza. Pale jirani alipoondoka, genge likakaa kitini pake.

Hali kadhalika Ufilipino. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, mji wa Manila ulikuwa magofu, na vijana kutoka visiwa mbalimbali walimiminika humo kutafuta riziki. Katika jela kubwa ya Bilibid huko Muntinlupa, wafungwa walijigawa kwa kwao: waliotoka kisiwa cha Luzon upande huu, waliotoka visiwa vya Visayas na Mindanao upande ule. Kundi moja lilijipachika jina la Sputnik, chombo cha Warusi kilichorushwa angani mwaka 1957. Jingine lilijiita Bahala Na, maneno ambayo kwa lugha yetu ni kusema «liwalo na liwe». Jina hilo la pili baadaye lilisikika hata California, kati ya watoto wa wahamiaji wa Kifilipino waliokuta huko shule wasikopendwa na mitaa yenye magenge ya watu wengine. Hawakupelekewa amri kutoka Manila. Walikuwa na hofu ile ile, wakatafuta kinga ile ile, nalo jina lilikuwa tayari.

Lakini mfano ulio mkubwa kuliko yote ni wa El Salvador, nchi ndogo ya Amerika ya Kati. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1980 hadi 1992 viliwafukuza watu wengi sana kwenda Marekani. Watoto wao walikulia katika mitaa ya kimaskini ya Los Angeles, wakaonewa na magenge yaliyowatangulia, wakaunda lao: Mara Salvatrucha. Basi genge hili linaloitwa la El Salvador lilizaliwa Marekani. Vita vilipokwisha, na hasa baada ya sheria ya mwaka 1996 ya kuwaondosha wageni waliohukumiwa, Marekani iliwapakia vijana hao katika ndege kwa maelfu. Wengi walikuwa wameondoka kwao wangali wadogo; hawakuwa na nyumba, kazi, wala jamaa wa kuwapokea. Walichokuwa nacho ni jina, michoro ya ngozi na desturi za mitaa ya Los Angeles. Serikali ya Marekani ilidhani inautupa uchafu nje ya uwanja wake, kumbe ilikuwa inapanda mbegu. Katika muda usiozidi miaka 20 El Salvador ikawa miongoni mwa nchi zenye mauaji mengi kuliko zote duniani.

Mtu atauliza: Hayo yatuhusu nini sisi wa Unguja? Yatuhusu, kwa kuwa sisi ni watu wa pwani, na watoto wa pwani husafiri.

Neno la «kuzamia» kila mmoja wetu alijua. Mzamiaji ni kijana anayejificha ndani ya meli bila ya nauli wala karatasi, akitumaini kushukia Ulaya au Marekani. Kwa miaka mingi vijana wa Kitanzania, wengi wao wa Dar es Salaam, wamekuwa wakisafiri nchi kavu kupitia Msumbiji hadi Durban na Cape Town, kwa kuwa huko meli ni nyingi. Mwandishi wa Afrika ya Kusini, Sean Christie, alikaa nao na kuandika kitabu kilichotolewa mwaka 2016. Aliwakuta wakiishi chini ya madaraja ya barabara kuu karibu na bandari ya Cape Town, wakiandika ukutani majina yao na ya meli, na kujiita kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya Nguvu ya Bahari. Wana lugha yao, sheria zao, na vyeo vinavyohesabiwa kwa safari. Hawakuja kwa ujambazi. Walikuja kwa bahari. Lakini meli haipatikani kila siku, na tumbo halingoji meli. Hapo ndipo biashara ndogo ya unga inapoingia, na kijana aliyekuwa mzamiaji anakuwa mchuuzi wa sumu, kisha mteja wake.

Na bahari yenyewe haina huruma. Mwaka 2011 Watanzania wawili walizamia Cape Town katika meli iitwayo Dona Liberta. Walipogunduliwa waliteremshwa katikati ya maji juu ya chelezo cha mapipa na mbao. Walisukumwa na mawimbi hadi pwani ya Liberia, na mmoja wao hakuishi muda mrefu baada ya kufika nchi kavu. Wangapi hawakufika kabisa? Wengine hukamatwa bandarini, hufungwa, kisha hurudishwa kwao mikono mitupu. Je, ni nani huwapokea wakishuka? Mwenye kuwangoja aghalabu ni yule yule waliyemwacha: njaa na maskani. Hapo twaiona njia ile ya El Salvador, ijapokuwa kwetu ingali nyembamba. Kijana aliondoka na njaa. Anarudi na njaa pamoja na elimu ya jela ya kigeni.

Kadhalika yafaa tutofautishe kati ya kijana mwenye panga na tajiri mwenye mali. Mwezi wa Aprili 2014 manowari ya Australia ilikamata kilo 1,032 za heroini katika jahazi moja nje ya pwani ya Kenya. Kijana wa maskani hana uwezo wa kununua shehena hiyo wala jahazi la kuibeba. Mjini Mombasa ukoo wa Akasha uliendesha biashara hiyo kwa miaka mingi. Baba, Ibrahim Akasha, aliuawa kwa risasi Amsterdam mwaka 2000. Wanawe wawili walipelekwa Marekani Januari 2017, wakakiri makosa, na mahakama ya New York ikamhukumu Baktash miaka 25 mwaka 2019 na nduguye Ibrahim miaka 23 mwaka 2020. Hilo ndilo genge lililovuka bahari kwa nguvu zake, nalo halikuwa la vijana wasio na viatu. Lilikuwa la watu wenye majumba na magari.

Maskini katika biashara hiyo huitwa punda. Mwaka 2013 Padri John Wotherspoon, aliyekuwa akiwahudumia wafungwa wa Hong Kong, alitangaza barua zilizoandikwa na Waafrika waliofungwa huko, wakiwamo Watanzania, waliokamatwa na unga tumboni au mizigoni. Waliwaonya ndugu zao wasikubali kudanganywa na tikiti ya ndege. Yatosha kulinganisha. Aliyebeba kwa ujira mdogo anazeeka jela ya ugenini. Aliyemtuma, mara nyingi, hakuguswa.

Sasa turudi nyumbani. Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678 katika sensa ya mwaka 2012. Mwaka 2022 walikuwa 893,169. Hiyo ni nyongeza ya karibu watu 300,000 katika miaka kumi, na nyingi ya nyumba zao zimejengwa mashambani kwa jana, palipokuwa na minazi na mihogo. Ng'ambo ya zamani, kutoka Kikwajuni hadi Jang'ombe, ilikuwa na umaskini wake, lakini mtoto alijulikana ni wa nani, na kila mzee alikuwa na haki ya kumkanya. Katika mitaa mipya jirani hamjui jirani. Upande wa pili, mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000. Kijana wa Mji Mkongwe huwaona kila siku Forodhani na Darajani. Fedha zapita mbele ya macho yake kama meli ipitavyo upeoni, asiweze kuipanda. Wa bahati hupata kazi hotelini Nungwi au Paje. Asiye na bahati huwa papasi, na papasi akikosa mgeni huwa wa maskani mchana kutwa.

Maskani si jambo baya. Ni mtoto wa baraza, na baraza ndilo lililotulea sote: mahali pa kahawa, bao, habari na mashauri. Siasa pia zina maskani zake, za upande huu na za upande ule, kama Kisonge pale Michenzani na Jaws Corner ndani ya Mji Mkongwe. Lakini maskani ambayo haina mzee, haina kazi wala gazeti, ila ina mtu mmoja mwenye fedha anayekuja usiku, hiyo imekwisha kuwa chumba cha uzazi cha genge. Na hapa hatuna budi kusema bila ya kificho: hapana chama kinachostahili heshima ambacho humpa kijana fimbo wakati wa uchaguzi. Wakenya walijifunza kwa damu. Miaka ya 1990 wanasiasa wao waliwatumia vijana waliojulikana kama Jeshi la Mzee. Kundi la Mungiki, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1980 kati ya wakulima wa Bonde la Ufa, lilipigwa marufuku mwaka 2002, na bado likaendelea kutoza kodi za matatu. Mwishoni mwa mwaka 2016 serikali ililazimika kupiga marufuku makundi yapatayo 90 kwa pamoja. Mkubwa akimfunza kijana kwamba kumtisha mtu ni kazi yenye malipo, asistaajabu uchaguzi ukiisha na kijana akaendelea na kazi.

Wapo watakaotujibu kwa mfano wa El Salvador hiyo hiyo, na jibu lao lastahili kupimwa kwa haki. Machi 2022, baada ya watu 87 kuuawa katika siku chache, Rais Nayib Bukele alitangaza hali ya hatari, na zaidi ya watu 80,000 wakakamatwa. Mwaka 2015 waliuawa nchini humo zaidi ya watu 100 katika kila 100,000. Kwa hesabu ya serikali, mwaka 2024 hawakufika wawili. Hilo ni jambo kubwa, na mama aliyekuwa akilipa kodi kwa majambazi hawezi kulaumiwa akishangilia. Lakini tuitazame bei. Katika nchi ya watu wapatao milioni 6, zaidi ya mtu mmoja katika kila mia ametiwa ndani, na serikali yenyewe imewaachia maelfu ilioona hawana hatia. Wale waliobaki watatoka siku moja, au watoto wao watakua bila ya baba. Nongoloza alifungwa pia. Kufuli lililetea nchi pumzi, na pumzi ni neema, lakini kazi ya kulea ingali yangoja. Zaidi ya hayo, Unguja haijafikia walipofikia wao. Daktari hamkati mguu mtu mwenye mwiba.

Yafaa nini, basi? Mwenye kuua na kujeruhi lazima ashitakiwe na kuhukumiwa. Katika hilo hatuna shaka, na raia ana haki ya kulala usingizi. Lakini ashitakiwe kwa alilotenda, si kwa mtaa anaokaa wala kwa nywele zake. Msako wa kuchota kila kijana aliyesimama kona humkutanisha mvivu na mwuaji katika chumba kimoja, na darasa hufunguliwa usiku ule ule.

Zanzibar ina jambo la fahari katika lugha yake ya serikali: jela yetu haiitwi jela, yaitwa Chuo cha Mafunzo. Jina hilo ni ahadi. Kila jela ni chuo cha mafunzo. Swali ni nani mwalimu. Ikiwa serikali haifundishi useremala, ufundi wa umeme na kusoma, tena kwa kuwatenga vijana na waliokubuhu, basi waliokubuhu ndio watakaofundisha.

Pili, bahari isiwe ya kujificha. Kijana mwenye kitabu cha ubaharia hupanda meli kwa ngazi mchana. Asiye nacho hupanda kwa kamba usiku. Tamaa ya safari haizimiki katika visiwa hivi, na wala si aibu. Babu zetu walikuwa mabaharia. Ifundishwe na ipewe karatasi.

Tatu, anayerudishwa kutoka ng'ambo apokewe. Atokaye katika unga ameanza kupata mahali: tangu mwaka 2009 Unguja imekuwa na nyumba za kuwasaidia walioacha, zikiendeshwa na watu waliopitia mateso hayo hayo. Lakini arudishwaye kwa nguvu hana hata mlango wa kubisha. Mtu huyo akipata kitanda, chakula na kazi katika mwezi wa kwanza, hatakwenda kulitafuta jina alilolizoea.

Nne, na hili ni letu wanachama na wafanyakazi. Fundi mwenye karakana na amchukue mwanafunzi mmoja wa mtaani kwake. Chama cha wafanyakazi kidai kwamba hoteli zinazojengwa katika kijiji ziajiri vijana wa kijiji hicho na kuwafundisha. Mwanachama mzee na arudi barazani, asiliachie baraza mtu wa usiku. Hayo hayangoji sheria wala bajeti.

Wahenga wetu walisema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ulimwengu wa leo una walimu wengi: jela za Cape Town, seli za Hong Kong, matajiri wa unga wasiotoka nje mchana. Hawachoki, na hawadai ada. Kijana aliyekaa maskani jioni hii bila ya kazi ameshawasikia wakimwita kwa jina. Sisi tulio karibu naye zaidi, twamjua jina lake?